Abbasi, Wafaranki au Tang: uanze na msukosuko upi wa karne ya 8?

Kati ya mwaka 747 na 763, dola tatu zilizokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani zilitikisika karibu kwa pamoja. Bani Umayya waling'olewa Dameski, na ukhalifa ukaenda kwa Bani Abbas. Katika nchi ambazo leo ni Ufaransa, Ubelgiji na magharibi ya Ujerumani, ukoo wa Merovingi, uliowatawala Wafaranki tangu karne ya 5, ulivuliwa ufalme na mtumishi wake mkuu. Na huko China, jemadari An Lushan aliigeuzia silaha nasaba ya Tang iliyomkuza, akamfanya mfalme wake akimbie mji mkuu kwa siri.

Msomaji anayeingia katika enzi hii kwa mara ya kwanza hujikuta njia panda. Akizibeba zote tatu kwa mkupuo, majina yatamlemea kabla hajafika popote. Afadhali achague moja, aizamie, kisha mbili zilizobaki zimfuate kwa wakati wake. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya insha ndefu, mwalimu mwenye vipindi vichache, au mtu mzima anayesoma historia kwa kuipenda tu.

Niseme mapema ninaposimama. Wengi wetu tumezoea kupima misukosuko ya aina hii kwa kuuliza ni nani aliyeanguka, na kipimo hicho kinapotosha. Kati ya hizi tatu, dola ambayo nasaba yake haikuanguka ndiyo iliyobadilika zaidi ndani. Na pale ambapo mfalme alinyang'anywa taji na nywele zake pamoja, mkulima wa kawaida hakuona tofauti kubwa. Habari ya nywele tutaifikia.

Nani alikuwa amechoka, na alichoka na nini

Khurasan ilikuwa ukingo wa mashariki wa dola ya Bani Umayya; leo ardhi yake imegawanyika kati ya Iran, Turkmenistan na Afghanistan. Waarabu waliopelekwa huko kama askari walikuwa wamekaa vizazi kadhaa, wameoa wenyeji, wameshika mashamba. Wenyeji nao walikuwa wakisilimu, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kwa sheria, aliyesilimu hatozwi jizya. Lakini hazina iliitegemea kodi hiyo, na maliwali wengi waliendelea kuidai hata kwa watu waliosimama nao safu moja msikitini. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alijaribu kuikomesha dhuluma hiyo, lakini alitawala kati ya 717 na 720 tu, na baada yake mambo yakarudi kulekule. Waislamu hawa wasio Waarabu, walioitwa mawali, walikwenda vitani kama wenzao, kisha kwenye mgao wakapata fungu dogo au wasipate kabisa.

Juu ya hayo, Waarabu wenyewe walikuwa makundi mawili yasiyopikika chungu kimoja, Qays na Yaman, na kila liwali mpya alipendelea upande wake. Hisham bin Abdul-Malik alipofariki mwaka 743, ufa ukaingia ndani ya ukoo unaotawala. Mwaka 744 pekee, Walid II aliuawa na watu wa damu yake, Yazid III akatawala takriban miezi sita akafariki, ndugu yake Ibrahim akashindwa kutambuliwa, na Marwan II akaingia Dameski kwa nguvu ya jeshi. Makhalifa wanne ndani ya mwaka mmoja. Khatibu wa msikiti wa mbali asingejua Ijumaa ijayo amwombee dua nani.

Ukivuka kwenda kwa Wafaranki, hukuti umati wenye ghadhabu. Aliyechoka kule ni ukoo mmoja tu. Wafalme wa Merovingi walikuwa wamebakiwa na jina, ilhali madaraka yalishikwa na msimamizi mkuu wa kasri, cheo ambacho jamaa za Pippin walikigeuza urithi wao baada ya ushindi wa Tertry mwaka 687. Charles Martel, mmoja wa jamaa hizo na yule aliyelishinda jeshi la Waislamu karibu na Poitiers mwaka 732, alitawala bila mfalme yeyote kuanzia 737 hadi alipofariki 741. Wanawe Carloman na Pippin walijaribu kuendelea hivyo hivyo, lakini wakubwa wa pembezoni hawakukubali. Mwaka 743 ikabidi wamtafute Mmerovingi mmoja, Childeric III, wamkalishe kitini. Alikuwa mfalme aliyesimikwa na watumishi wake ili watumishi wapate kutiiwa.

China ilikuwa kinyume cha yote mawili, maana hakukuwa na uchovu bali neema. Xuanzong alikuwa kitini tangu 712, na daftari za kodi zilihesabu karibu watu milioni 53. Kasoro ilijificha katika mpangilio wa jeshi. Zamani wakulima walishika silaha kwa zamu, kisha wakarudi shambani. Utaratibu huo ulikufa polepole, na mahali pake pakaja majeshi ya kudumu ya mipakani, chini ya majemadari waliokaa kituoni miaka mingi, wakikusanya kodi na kuteua maafisa wenyewe. Kufikia mwaka 742 mipaka ilikuwa na askari wapatao 490,000, ilhali mji mkuu ulilindwa na vikosi vya maonyesho. Waziri Li Linfu akaongeza la kwake. Alipendelea majemadari wa asili ya kigeni, kwa kuwa mgeni asingeweza kupanda hadi uwaziri na kumtishia yeye. Ndivyo An Lushan, mwana wa baba Msogdia na mama Mturuki, alivyokabidhiwa kanda tatu za kaskazini mashariki, zenye zaidi ya theluthi ya jeshi lote la mipakani.

Namna ya kukiendea kiti

Hapa Abbasi wanawaacha wengine mbali, na mtu anayependa kujua jinsi harakati za siri zinavyojengwa hatapata somo zuri zaidi katika karne zile.

Ukoo wa Abbas, ami yake Mtume, uliishi kimya katika kijiji cha Humayma, kusini mwa Jordan ya leo. Kutoka hapo, kwa karibu miaka 30, maelekezo yalipelekwa Kufa, na kutoka Kufa yakafika Marw, mji mkuu wa Khurasan. Walinganiaji wengine walisafiri kwa sura ya wafanyabiashara. Baadhi walikamatwa wakauawa, lakini mnyororo haukukatika, kwa sababu walio wengi hawakujua mkuu wao ni nani. Wito uliomfikia mtu wa kawaida ulikuwa mmoja, kwamba kiti kirudi kwa aridhiwaye katika Aali Muhammad, yaani ukoo wa Mtume. Jina halikutajwa. Mfuasi wa kizazi cha Ali alisikia jina la mtu wa kizazi cha Ali, na mwingine akasikia la kwake. Naukubali ustadi wa wito huo, na papo hapo naona ulivyokuwa na mtego ndani yake. Maelfu walikufa wakimpigania imamu waliyemchora wenyewe kichwani.

Mnamo 747, katika Ramadhani, bendera nyeusi zilipandishwa karibu na Marw. Aliyezipandisha ni Abu Muslim, mtu ambaye asili yake wanahistoria wanaibishania hadi leo, na nadhani mwenyewe aliipenda hali hiyo. Liwali wa mkoa, Nasr bin Sayyar, mzee aliyeijua Khurasan kuliko yeyote Dameski, alimwandikia Marwan beti za kumtahadharisha kwamba anaona makaa yakiwaka chini ya majivu. Msaada haukuja. Marw ikaanguka mwaka 748 na Kufa mwaka 749. Huko Kufa, katika msikiti wa mji, Abul-Abbas as-Saffah akapewa kiapo cha utii, na ndipo wengi walipojua kwa mara ya kwanza walikuwa wakimpigania nani. Januari 750 jeshi la Marwan lilivunjwa kwenye mto Zab Mkubwa. Mwenyewe alikimbilia Shamu, akashuka Misri, akauawa Busir mwaka uo huo.

Pippin hakuhitaji bendera. Kaka yake Carloman alijiuzulu mwaka 747 akaingia utawa, na kuanzia hapo kikwazo kilikuwa kimoja, kwamba alikuwa na kila kitu isipokuwa jina. Akawatuma Burchard, askofu wa Würzburg, na Fulrad, abati wa Saint-Denis, waende Roma wamuulize Papa Zacharias kama ni sawa kwamba wafalme wa Wafaranki hawana mamlaka yoyote. Papa alijibu kwamba ni afadhali mwenye mamlaka ndiye aitwe mfalme. Mwaka 751, pale Soissons, Pippin akachaguliwa na wakubwa na kupakwa mafuta na maaskofu. Childeric alinyolewa. Kwa Wamerovingi nywele ndefu ndizo zilikuwa alama ya damu ya kifalme, hivyo wembe ulifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na upanga, na aliyenyolewa akamalizia siku zake katika monasteri ya Saint-Bertin.

An Lushan naye alidai ana amri ya siri ya mfalme ya kwenda kumwondoa waziri Yang Guozhong, mshindani wake na binamu wa Yang Guifei, kipenzi cha mfalme. Desemba 755 alitoka Fanyang, karibu na Beijing ya leo, na mwezi mmoja na siku chache baadaye alikuwa ndani ya Luoyang, mji mkuu wa pili. Mwanzoni mwa 756 akajitangaza mfalme wa nasaba mpya aliyoiita Yan.

Kisha yakafuata makosa ya wenye nyumba, na hapa mtu anasoma huku akishika kichwa. Majemadari wawili waliorudi nyuma kwa busara ili kuilinda ngome ya Tong, lango la mji mkuu Chang'an, waliuawa kwa amri ya mfalme baada ya kusingiziwa. Mmoja wao alikuwa Gao Xianzhi, na tutakutana naye tena. Jemadari wa tatu, Geshu Han, mgonjwa na mzee, alisihi aachwe akae nyuma ya ngome. Yang Guozhong akahofia jeshi hilo lisije likamgeukia yeye, akamshawishi mfalme aamuru litoke kupigana. Likatoka, likaangamia, na njia ya Chang'an ikawa wazi. Mfalme akakimbilia Sichuan. Walipofika Mawei, askari wake wenye njaa walimuua Yang Guozhong na kukataa kuendelea mpaka Yang Guifei naye afe. Xuanzong, aliyekuwa kitini kwa miaka 44, akakubali anyongwe. Wiki chache baadaye mwanawe, Suzong, alijitangaza mfalme huko Lingwu bila kumngoja baba.

Bei iliyolipwa

Bani Abbas waliumaliza ukoo ulioshindwa kwa makusudi. Huko Palestina, kwenye mto Abu Futrus, Abdallah bin Ali, ami yake khalifa mpya, aliwaua wakuu wa Bani Umayya waliokuwa wameahidiwa amani. Makaburi ya makhalifa yalifukuliwa, na wapokezi wa habari wanasema la Umar bin Abdul-Aziz liliachwa. Baadaye ikawa zamu ya waliowaweka madarakani. Abu Salama, mkuu wa harakati Kufa, aliuawa. Abdallah bin Ali alipodai ukhalifa mwaka 754, Abu Muslim alimshinda kwa niaba ya khalifa wa pili, al-Mansur, na mwaka uliofuata al-Mansur akamwita Abu Muslim kwenye hema lake na kumuua. Mwanafunzi wa siasa asiruke kipande hiki. Harakati iliyodumu kwa kuficha jina la imamu haikuwa na nafasi ya mtu maarufu kuliko imamu.

Pippin anasifiwa kwa kutomwaga damu. Sifa hiyo ni ya kweli kwa Childeric, ila si kwa jamaa. Ndugu wa kambo Grifo aliuawa mwaka 753, na wana wa Carloman wakafungiwa katika monasteri. Carloman mwenyewe, aliporudi kutoka Italia akiwa mtawa kujaribu kuzuia vita na Walombadi, watawala wa kaskazini mwa Italia, alizuiliwa Vienne akafia huko. Hata hivyo vijiji havikuchomwa.

China ilichomwa. Vita vilidumu hadi 763, na upande wa waasi wana waliwaua baba zao mara mbili: An Lushan aliuawa kwa njama ya mwanawe mwaka 757, na Shi Siming, aliyemrithi uongozi wa maasi baada ya kumuua mwana huyo, naye akauawa kwa njama ya mwanawe 761. Suiyang ilizingirwa kwa miezi mingi mwaka 757 mpaka waliokuwa ndani wakala watu wenzao, lakini kwa kushikilia kwao waasi hawakufika kwenye mashamba ya kusini, na nafaka ya kusini ndiyo iliyoiweka Tang hai. Hesabu ya mwaka 764 ilionyesha watu milioni 17 hivi. Nakuomba usiirudie ile hoja inayozunguka mitandaoni kwamba tofauti yote, watu milioni 36, waliuawa. Daftari ziliungua, waandishi walikimbia, mikoa mizima iliacha kupeleka hesabu, na familia zilihamia kusini ambako hazikuandikwa. Waliokufa ni wengi mno, lakini namba ile kwanza inapima serikali iliyopoteza uwezo wa kuwaona watu wake.

Kilichobaki moshi ulipotulia

Nasaba ya Tang ilirudi Chang'an mwishoni mwa 757 kwa msaada wa wapanda farasi wa Kiuyghur, na ikaendelea kutawala hadi 907. Ukisoma orodha ya wafalme hutaona kitu. Ukisoma daftari za hazina utaona dola nyingine kabisa. Ili vita viishe, majemadari wa waasi waliosalimu amri waliachiwa mikoa yao ya Hebei, wakairithisha kwa wana wao na hawakupeleka kodi. Ikabidi serikali itafute fedha kwingine. Mwaka 758 ikaanzisha ukiritimba wa chumvi, na kufikia 779 chumvi ilikuwa ikileta zaidi ya nusu ya mapato ya serikali kuu. Mwaka 780 kodi ya zamani, iliyochukulia kwamba kila kaya imegawiwa ardhi sawa na serikali, ilifutwa rasmi, ikaja kodi ya misimu miwili kwa kadiri ya mali ya mtu. Nguvu ya uchumi ilihamia bonde la Yangtze. Watibeti wakachukua njia za magharibi, na mwaka 763 wakaingia Chang'an yenyewe, wakakaa kama wiki mbili. Dola iliyokuwa ikigawa mashamba na kuandikisha askari ikawa dola inayouza chumvi na kubembeleza majemadari.

Abbasi walibadilisha kitovu. Dameski ikabaki mji wa mkoa, na mwaka 762 al-Mansur akaanza kuijenga Baghdad kando ya mto Tigri. Makatibu na mawaziri wa asili ya Kiajemi wakashika ofisi, na swali la mawali likaanza kufifia kwa kuwa Mwarabu na asiye Mwarabu sasa walipanda ngazi moja. Walioipigania damu ya Ali hawakupata walichokitaka. Mwaka huohuo wa 762 Muhammad an-Nafs az-Zakiyya aliinuka Madina akauawa. Nao umoja wa dola ulikatika palepale ulipozaliwa upya, kwani Abdul-Rahman, kijana wa Bani Umayya aliyeponyoka mauaji na kuvuka Afrika Kaskazini, alitwaa Kordoba, huko Hispania, mwaka 756 na ukoo wake ukadumu huko karne mbili na zaidi.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada. Msukosuko huohuo ndio uliowapa Maibadhi wa Oman nafasi ya kumsimika imamu wao wa kwanza, al-Julanda bin Mas'ud, mwanzoni mwa miaka ya 750, ingawa jeshi la Abbasi lilikuja baada ya muda mfupi na kumuua. Kuhamia Iraq kuliipa Ghuba uhai mpya, na kizazi kimoja baadaye, huko Shanga katika visiwa vya Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta msikiti mdogo wa mwishoni mwa karne ya 8. Sisemi Abu Muslim ndiye aliyeujenga. Nasema jahazi zilizofika huko zilitoka kwenye bandari zilizokuwa zikinenepa kwa sababu ya Baghdad. Njia hiyohiyo ya bahari ilibeba pia watumwa, na mabwawa ya chumvi karibu na Basra yalikuja kuwaka katika uasi wa Zanj, 869 hadi 883.

Na Wafaranki? Kwa mkulima, kama nilivyosema, kidogo. Kwa fikra ya utawala, kingi. Mwishoni mwa 753 Papa Stephen II alivuka milima ya Alpi, jambo ambalo hakuna papa aliyewahi kulifanya kabla yake, na mwaka 754 akampaka Pippin mafuta tena pale Saint-Denis pamoja na wanawe wawili, mmoja wao akiwa yule atakayeitwa Charlemagne. Pippin alilipa kwa kuwapiga Walombadi waliokuwa wameteka Ravenna mwaka 751, kisha akampa Papa ardhi hizo. Dola ya Papa iliyotokana na zawadi hiyo ilidumu hadi 1870. Kuanzia hapo mafuta yakawa sharti. Mfalme wa Ulaya magharibi alihitaji askofu, na mwenye kumpaka mtu mafuta anaweza siku moja kukataa kumpaka.

Vyanzo utakavyovishika mkononi

Kwa anayesoma Kiarabu, na kwetu si wachache, Abbasi wana faida kubwa. Al-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, anaziweka riwaya zinazopingana moja baada ya nyingine na kuwataja waliozipokea, hivyo unaweza kupima mwenyewe. Upungufu wake ni kwamba kila mpokezi aliishi chini ya washindi.

Upande wa Wafaranki upungufu huo ni mzito zaidi kwa sababu maandishi ni machache. Kumbukumbu rasmi za mwaka 751 ziliandikwa kama miaka 40 baadaye, kwenye kasri la mwana wa Pippin. Ile picha maarufu ya mfalme wa Merovingi akivutwa kwa mkokoteni wa ng'ombe ni ya Einhard, aliyeandika baadaye zaidi akimsifu Charlemagne. Tunawatazama Wamerovingi kwa macho ya waliowanyang'anya. Lakini maandishi hayo ni mafupi, na mwanafunzi anaweza kuyamaliza yote.

Tang wana wingi wa kutisha, yaani historia rasmi, amri, hesabu za kodi, barua, na mashairi ya Du Fu, aliyenaswa ndani ya Chang'an ikiwa mikononi mwa waasi. Kwa asiyejua Kichina ni lazima ategemee tafsiri za Kiingereza au Kifaransa. Zipo, na ni nzuri, ila zinahitaji subira.

Basi uchague ipi

Ukiwa mwalimu mwenye vipindi viwili, chukua Wafaranki. Watu ni wachache, swali ni moja, na darasa linaweza kulijadili bila kujua historia ya karne nzima: mwenye cheo na mwenye nguvu wakiwa watu wawili, nani aitwe mfalme? Wagawe wanafunzi, kundi moja limtetee Childeric na jingine limtetee Pippin. Usilichague kwa insha ndefu, utaishiwa maandishi na kuanza kukisia.

Ukiwa unaandika insha ndefu, au unataka kuelewa kwa nini watu wa kawaida hujiunga na harakati na baadaye husalitiwa nayo, chukua Abbasi. Msomaji wa Kiswahili ana pa kuanzia, kwa kuwa Kufa, Basra, Ali, Abbas na jizya si maneno ya kigeni kwake. Mwenye asili ya Oman au anayefuatilia historia ya pwani hana hata haja ya kusita. Jihadhari na jambo moja tu: usiigeuze kuwa vita vya Waajemi dhidi ya Waarabu. Viongozi wengi wa jeshi la Khurasan walikuwa Waarabu, akiwemo Qahtaba bin Shabib aliyeliongoza kutoka Marw hadi karibu na Kufa.

Tang iwafae wale wanaojali jinsi serikali inavyofanya kazi: kodi, jeshi, mikoa, mpaka. Kama umewahi kujiuliza kwa nini rais au mfalme yuleyule anaweza kubaki ofisini huku nchi ikiwa imehama mikononi mwake, hakuna mahali pengine pa kulisoma hilo kwa kina hivyo katika karne ya 8. Kwa maoni yangu ndiyo somo kubwa kuliko yote matatu. Ila si pa kuanzia. Aanziaye hapo bila kuzoea enzi hiyo huchoka kwenye majina ya majemadari kabla hajafika kwenye chumvi.

Hivyo mpango ninaoupendekeza kwa mwenye muda ni kuanza na Abbasi na kuingilia Tang kwa mlango ulio wazi kati yao. Mlango huo ni vita vya Talas, Julai 751. Ziyad bin Salih, kamanda wa Abu Muslim, alikutana huko na jeshi la Tang lililoongozwa na Gao Xianzhi, yuleyule aliyeuawa miaka michache baadaye kwenye ngome ya Tong. Waturuki wa Karluk waliwageuka Wachina, na Gao akashindwa. Kati ya mateka alikuwepo Du Huan, aliyekaa katika nchi za ukhalifa kwa karibu miaka kumi, akaiona Kufa, kisha mwaka 762 akarudi kwao kwa meli na kuteremka Guangzhou. Vipande vya habari zake vimehifadhiwa, na ndani yake anaitaja hata nchi ya watu weusi aliyoiita Molin, ambayo wataalamu bado wanabishana iko wapi barani Afrika. Aliondoka China ikiwa kileleni, na alirudi ikiwa imebakiza mwaka mmoja wa vita. Mfuate yeye, utakuwa umeingia Tang ukiwa na mwenyeji.

Wafaranki waachie jioni mbili za mwisho, na uwaanze na lile swali la Burchard na Fulrad kwa Papa. Kisha tafuta habari za mwaka 765, Pippin alipotuma wajumbe kwa al-Mansur, wakarejea miaka mitatu baadaye wakiwa na wajumbe wa khalifa. Ukoo wa tatu, Bani Umayya, ulikuwa umekwisha kukaa Kordoba, na wafalme hao wawili wapya, kila mmoja kwa sababu zake, walikuwa na la kuzungumza.